Mbolea Iliyobaki Juu ya Udongo

Nyumbani kwetu,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu tele. U hali gani huko ugenini? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa na kukaidi dawa kama kawaida yako? Shemeji hajambo? Sisi tunapumua, ila nikisema ni wazima nitakuwa nimekudanganya.

Uliuliza habari za karanga. Hatukupata kitu. Na unajua Baba Mkubwa alishatamka mbele ya ukoo: msimu huu shamba lake alilomwazima Baba lisipozaa, analichukua awape wanawe.

Ule mfuko wa mbolea ya fosforasi uliotuma ulifika kabla ya mvua. Nilimsomea Baba maagizo yako: itiwe mtaroni siku ya kupanda, ifukiwe chini kidogo ya mbegu, kwani haitembei udongoni; mizizi ndiyo huifuata. Baba unamjua. Alicheka, akasema, "Mtoto halishwi kabla hajazaliwa. Ziote kwanza, tuone zinaomba nini." Akausukumia mfuko uvunguni. Mama alibishana naye mpaka sauti ikamkauka, lakini ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Karanga zilipotoa maua zikiwa zimedumaa, ndipo alipoutoa. Akainyunyiza juu juu, kama tufanyavyo kwa mahindi na ile mbolea nyeupe. Siku ya kung'oa tulizikuta punje nyingine za mbolea zimekaa pale pale zilipoangukia. Kila shina lilikuwa na maganda mawili matatu, tena ukiyatikisa hayalii, ukiyaminya yanabonyea.

Baba Mkubwa alikuja Jumamosi. Alichuchumaa kando ya lile lundo letu dogo, akapasua ganda moja, akapasua la pili, akaacha. Hakufoka. Afadhali angefoka. Baba mwenyewe ndiye aliyesema, "Chukua, kaka. Kosa ni langu." Maisha yangu yote sijamsikia akikubali kosa, nami sikufurahi hata chembe.

Sasa huamka alfajiri kama zamani, hushika jembe, akifika mlangoni hukumbuka hana pa kwenda. Naumia, mdogo wangu.

Usimlaumu kwenye simu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye hakusikia la mdogo, na guu tumevunjika sote.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye anakusalimu, na anauliza lini utampa mjukuu, maana yeye hata msibani haachi utani. Nibusie Shemeji.

Jambo la mwisho. Ulipanga mkataba ukiisha urudi ulime na Baba. Usiache kazi. Njoo umwone, tena njoo mapema, lakini njoo kama mgeni. Hapa hapana tena pa kulima.

Mungu akufunike kwa mkono wake huko uliko.

Akupendaye siku zote,
Dada yako.