Pua ya Ineza

Doonside, Sydney

Dada Générose,

Sisi tu wazima, Mungu asifiwe. Joto limeanza, mboga zangu za lengalenga zimeota nyuma ya nyumba, na wazee ninaowatunza kazini sasa wanadai chai yangu tu.

Jumamosi Ineza alikuwa na homework ya kulinganisha aina mbili za ekidna. Ni wanyama wa miiba kama nungunungu, ila wanataga mayai. Mimi niliona picha mbili za mnyama yule yule. Akanicheka. "Mama, angalia pua!" Kweli, wa huku ana pua fupi, anakula mchwa. Ndugu yake wa New Guinea, ng'ambo ya bahari, ana pua ndefu iliyopinda, anakula minyoo.

Basi akainua macho kwenye picha yetu ya kambi ya wakimbizi, ile ya ukutani, mimi na wewe. Akashika pua yake.

"Mbona mimi nina pua ya mama mkubwa?"

Dada, miaka tisa nimejibu maswali ya maofisi bila kutetemeka. Hili sikuweza kulikwepa. Nikamwambia wewe ndiye uliyemzaa, na kwamba jina langu lilipotoka kwenye orodha ya safari, lako halikutoka, ukanikabidhi yeye nije naye huku.

Hakulia. Aliandika mstari wa mwisho wa kazi yake: wote wawili hubeba mtoto kwenye mfuko wa tumbo.

Tangu siku hiyo ninalala vizuri. Jumapili atakupigia simu mwenyewe. Tafadhali, usiitike tena kama mama mkubwa.

Mdogo wako,
Médiatrice