Makande Bila Moshi

Jumatano, 4 Juni
Nimefunga vyombo: masufuria, blenda, presha kuka ya umeme. Betri kubwa ya sola imejaa. Lomayani, dereva wetu, amenisaidia kuiingiza garini, halafu akapakia na gunia la mkaa. Nikamuuliza la nini.
"Aika, mwezi huu huko mlimani hata jua linavaa sweta."
Nimenuna mpaka Ngaramtoni.
Daktari alishasema: kifua changu na moshi basi. Nikishindwa kupika kwa betri, naacha kazi ya kupikia wageni kambini. Sijui kazi nyingine. Sitaki nyingine.

Alhamisi, 5 Juni
Kambini. Hakuna nguzo ya umeme hata moja. Wageni ni Mwalimu Halima, mstaafu kutoka Levolosi, na wanawe na wajukuu. Nimepika wali na njegere. Watoto wameizunguka blenda wakisubiri juisi ya parachichi. Macho yangu makavu. Kifua kimya. Nimeimba.
Kesho ni siku ya kuzaliwa ya Mwalimu. Ameomba makande, aliyazoea alipofundisha Upareni. Nimeloweka mahindi na maharage.

Ijumaa, 6 Juni
Ukungu. Paneli za sola hazileti kitu. Na betri karibu tupu! Mwalimu alidamka akachemsha maji ya kuoga familia nzima, kwa birika la umeme, tena na tena. Hakujua kwamba linanyonya betri. Sikuwa nimemwambia. Nimekasirika, kisha nikaona aibu. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza.
"Yallah! Basi mwanangu, tule mkate tu."
Mkate? Siku yake? Nimekataa.
Lomayani akafungua gunia. Alisema atapika yeye, mimi nikae mbali. Nikae mbali na chakula changu mwenyewe! Nikamwomba asubiri.
Nikachomoa simu zote, taa, friji ndogo. Ikabaki presha kuka peke yake. Ilichemka vizuri, halafu betri ikakata kabla makande hayajaiva. Sikugusa mfuniko, joto lisitoke. Nikaizungushia blanketi langu, na Lomayani akavua koti lake akaongeza juu. Bila kuambiwa.
Tukangoja. Wajukuu wakaanza kuchungulia. Adhuhuri ilipopita nikafungua. Maharage yamepasuka, mahindi laini kabisa. Nimelia kidogo. Safari hii si kwa moshi.
Mwalimu amekula, akaongeza, akaongeza tena.

Jumamosi, 7 Juni
Jua kidogo mchana. Chai, mayai. Lomayani ameuliza betri ya pili tutaiweka wapi garini. Nimejifanya sikusikia ili aulize tena.

Jumapili, 8 Juni
Kumekucha kweupe. Wageni bado wamelala. Lomayani amenipeleka kwenye uwazi ulio juu ya msitu. Miaka yote hii sijawahi kufika, nilikuwa narudi njiani nikikohoa. Leo tumekwenda polepole, nimefika. Arusha yote iko chini, mabati yanang'aa. Nimekaa kwenye jiwe. Nimevuta pumzi mpaka mwisho, nikashusha.