Msizime Kabla ya Majina

Lubumbashi, Jumapili, mvua imekatika

Dada yangu mkubwa, yaya Feza,

Nakusalimu wewe, na shemeji Ramazani, na nyumba nzima. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mto Lualaba umejaa, au bado mnaona mawe? Mimi huku ni mzima. Ninakula na ninalala, na mke wangu anasema mambo hayo mawili ninayafanya kwa bidii kuliko useremala. Maneno hayo yasome mara ya pili, yaya: ni mzima. Mbele utaona kwa nini nayakazia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga. Mtandao ulikuwa unameza neno moja na kutapika lingine, nikaogopa. Katika yote niliyotaka kukwambia, kama lingefika moja tu, "nimekufa", ungeanguka hapo hapo sokoni juu ya samaki za watu. Basi nimempa karatasi hii mama Aziza, yule mchuuzi wa vitenge, aje nayo kwa treni.

Habari yenyewe ni kwamba nimeingia katika filamu. Usicheke. Na jirani usimwite bado.

Alikuja kwenye karakana yangu mwanamke mmoja, Madame Solange, kazi yake kutengeneza filamu. Hii ni hadithi ya mchonga lukumbi, ile ngoma yetu ya gogo inayopeleka habari, mtu wa kwetu Maniema, miaka ile ya vita. Mchezaji wa kuwa huyo mchongaji alikuwa amekwisha kumpata, bwana mmoja mrefu wa Kinshasa, sura nzuri kabisa. Lakini mikono yake laini kama mkate wa maziwa, na tezo alikuwa anaishika kama kijiko. Mtu akamwambia Madame, pale kwa seremala Assumani, baba yake alikuwa anachonga lukumbi. Akaja, akaniangalia usoni, akashusha macho. Akaiangalia mikono yangu, akasema, "Njo hii! Njo mikono ninayoitafuta!"

Kwa hiyo mkiangalia msinitafute usoni. Uso ni wa yule bwana. Mimi ninaanzia kwenye viwiko kushuka chini. Si Mama alisema siku zote kwamba Mungu alipofika kichwani kwangu alikuwa amechoka?

Lualaba yao ni bwawa la samaki la mfugaji mmoja nje ya mji. Walinipaka mafuta ya mawese mikononi ili jasho lionekane, tezo ikateleza, ikanikata kidole gumba. Madame akasema, "Nzuri sana, papa. Unaweza kurudia?" Kisha wakataka niimbe nikichonga. Nikawaambia baba yetu hakuwahi kuimba. Yeye alikuwa anautukana mti tangu asubuhi mpaka mti ukubali. Wakafurahi, wakasema basi tukana. Nikatukana kama baba. Hiyo wameikata, maana kumbe mpishi wao, mama Kalonda, ni mtu wa Kailo, huko kwetu, akawaeleza maana.

Kazi yenyewe unaijua: gogo la mti mwekundu, unalichimba tumbo zima kupitia ufa mwembamba wa juu, na midomo miwili ya ule ufa isilingane unene, mmoja uongee chini na mwingine juu. Ndani huoni kitu. Unachimba kwa sikio. Wao walitaka iishe kwa siku moja, nikawaambia mti ukilazimishwa unapasuka. Wakasubiri. Yangu imetoka na sauti ya mbuzi mwenye kikohozi, lakini inaongea.

Sasa njo tunafika kwenye shida. Katika hadithi ndugu yake mchongaji anakufa, na lukumbi lazima itangaze.

"Papa Assumani, piga," Madame akasema.

"Nipige nini?"

"Chochote. Watu hawajui."

"Kindu watajua, Madame. Ng'ambo Alunguli watajua. Kailo wataacha ugali kwenye sahani."

"Basi piga ya kifo. Ya kweli."

Yaya, nimeketi juu ya kile kiti chao nikawaza. Tangazo la kifo bila jina halipigwi; kila kijiji kingekimbia kumtafuta maiti wake. Jina la mtu aliye hai? Hiyo ni laana. Jina la marehemu? Nitawaliza watu wake mara ya pili. Jina la kubuni? Baba alisema jina tupu haliko, mwenyewe atakuwa mahali fulani kando ya mto, anafua nguo zake kwa amani. Mtu mmoja tu nilikuwa na ruhusa ya kumuua. Nikalipiga jina langu la lukumbi, lile alilonipa baba na ambalo ulinicheka nalo utoto wote: Mvivu wa shoka, hodari wa sahani. Katika lugha ya baba ni refu zaidi na linauma zaidi. Nikamalizia: amelala, hataamka.

Kabla sijaweka vijiti chini, mama Kalonda akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, analia.

"We Assumani! Nani huyo amekufa?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe?"

"Ni filamu tu."

Akanipiga mwiko wa mgongo, na uji wake wa moto. "Filamu ni ya macho! Lukumbi haina filamu!"

Hapo njo nikamkumbuka Mama, nikaviweka vijiti chini.

Unakumbuka wakati wa vita, nilipokwenda Kalima kuchimba mawe, na njia zikafungwa. Wenye bunduki walikuwa wamekataza lukumbi, baba akaificha yake chini ya mihogo. Yule mtu wa baiskeli akafika na habari kwamba shimo limenifunika. Wewe mwenyewe ulinisimulia: mlianza kulia, mashangazi wakavua vitambaa, na Mama ameketi anapepeta mchele.

"Lukumbi haijasema," akasema.

Baba akamwambia, "Lukumbi imefungwa mdomo, mama Feza. Itasema aje?"

"Basi hajafa. Mutu wa baiskeli hawezi kuniambia mutoto wangu amekufa."

Akaendelea kupepeta, na watu wakasema huzuni imemharibu akili. Siku nilipoingia uani, mifupa mitupu, hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza tu kama nimeleta chumvi.

Unaona sasa, yaya. Mama hakuamini mdomo wa mtu, na karatasi hii pia hataiamini. Anaamini lukumbi. Na hiyo filamu itapita kwenye televisheni mwezi ujao, jioni. Siku yenyewe nimeiandika nyuma ya bahasha. Hata ukimficha ndani, jirani atafungua sauti mpaka mwisho kwa sababu ni mambo ya kwetu, na Mama masikio yake ni ya paka. Ataujua mkono wangu, hata chini ya kile kikohozi cha lukumbi.

Nilirudi kwa Madame nikamwomba alitoe lile tangazo. Akakataa. Anasema yule bwana wa Kinshasa, alipomsikia mama Kalonda akilia, alitoa machozi yake ya kwanza ya kweli tangu waanze kazi, na kamera iliyaona. Tumebishana siku nzima. Mwishowe akaniambia, "Papa, baada ya hadithi kuna majina ya wafanyakazi. Hapo nakupa lukumbi yako, piga unachotaka." Nikapiga. Nimeeleza kwamba yule mvivu yupo, yuko Lubumbashi, amekula.

Kazi iliyobaki ni yako. Unawajua watu wetu: majina yakianza tu kupanda, wanaume wanainuka kutafuta viatu, watoto wanataka mpira, mwenye jenereta anazima kuokoa mafuta. Mwambie shemeji Ramazani anunue mafuta ya kufika mpaka jina la mwisho. Mimi nitamrudishia, na kama hataniamini, atakuwa sawa na watu wengi wa hapa. Wewe keti karibu na Mama. Akisikia lile tangazo la kwanza atataka kutoka. Mshike kwa kitenge, mshike kabisa, hata akikupiga.

Nisalimie shangazi wa Mikelenge, na mjomba wa Pangi akishuka na mpunga wake. Binamu yangu mwalimu mwambie Kifaransa chake nilikitumia mbele ya Madame, na hakikueleweka.

Jambo moja bado sijakwambia. Baada ya kusema kwamba nipo, vijiti havikutaka kusimama. Nikalipiga lile jina la Mama, ambalo baba alilipiga akimwita arudi kutoka shambani. Tangu tulipomzika baba hakuna mtu aliyemwita hivyo. Kwa hiyo, yaya, ukimwona ameinuka mara ya pili, wakati majina yanapita, hapo mwachie kitenge. Atakuwa anaitika.

Mdogo wako anayekupenda, mzima kabisa,

Assumani