Kitenge Ambacho Sikununua

Jumapili. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakoma, na sasa ziwa limetulia, rangi ya bati. Mume wangu bado amelala. Sina huzuni. Nina jambo moja tu ambalo nataka kulitazama vizuri.

Tangu mradi niliokuwa nikifanyia kazi ufungwe, tunaishi kwa mshahara wake wa ualimu. Kazi ya kupunguza matumizi niliichukua mimi, kwa sababu nilihitaji kazi yoyote. Mkate wa asubuhi ukaondoka, tukarudi kwenye muhogo wa kuchemsha. Mishikaki ya Jumamosi ikaondoka. Pikipiki ya kunipeleka sokoni ikaondoka, nina miguu. Kila kilichoondoka kiliniachia raha fulani, kama ya chumba kilichofagiliwa.

Niliipenda raha hiyo kupita kiasi.

Kisha Mama Mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, akatangaza sare ya harusi ya binti yake Zuwena: kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, kwa wanawake wote wa upande wetu. Nilikiondoa bila hata kusita. Kitenge, fundi, siku moja ya kukivaa, basi. Nikampigia mama simu huko Minago, nikamwambia nitavaa changu cha bluu.

"Haya, mwanangu. Nimesikia."

Jana nikaenda na bluu yangu. Mama Mdogo alisimama mlangoni, akanitazama kuanzia miguuni.

"Weye wa bluu, karibu! Unatoka kwa bwana harusi?"

"Mama Mdogo, ni mimi."

"Najua ni weye, sha. Lakini umehamia upande wa kule. Basi, mahari mmeleta yote, ao iko ingine imebaki?"

Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. Nilicheka nao. Nilijiambia kwamba aibu hailipiwi pesa, kwa hiyo naimudu.

Mama akanivuta chumbani. Vumbi la safari ya pikipiki lilikuwa bado miguuni mwake. Akatoa kwenye mfuko wa plastiki kilemba cha kijani chenye ndege wa manjano.

"Jifunge juu ya hicho chako."

Nikajifunga. Nilidhani ni kipande kilichobaki kwa fundi.

Ilikuwa baadaye, uani, ndipo nilipoona. Wenzake mama wote walikuwa na gauni la sare, na mtandio wa kitenge kilekile mabegani. Mama alikuwa na gauni tu. Mabegani alikuwa na shali yake nyeusi, ile ya misibani.

"Dada, mutandio wako iko wapi?" Mama Mdogo aliuliza.

"Iko joto. Niache nipumue."

Shali ile ni ya sufu.

Mama Mdogo akanitazama kichwani. Hakutania tena.

Ulipofika wakati wa picha, mpiga picha alitupanga nyuma ya viti vya maharusi. Viti vilikuwa virefu. Viliificha bluu yangu yote, kikabaki kichwa. "Wa kijani mbele," alisema. "Mama wa nyeusi, murakoze, asante, rudi nyuma kidogo."

Mama akarudi nyuma. Mimi nikabaki mbele.

Picha imeingia kwenye simu asubuhi hii. Nimependeza. Mama anaonekana paji la uso tu, katikati ya mabega ya watu wawili.

Nimekifua kile kilemba, nimekianika. Kinakauka haraka, kitambaa chake ni kizuri. Kwenye ukingo mmoja inaonekana wazi mahali mkasi ulipopita, mstari uliopinda kidogo, si mkono wa fundi. Mama alikata mwenyewe, nyumbani.

Nikikirudisha atasema hakihitaji. Tumefanana, nadhani. Yeye pia anajua kuondoa vitu, ila anaanza na vyake.

Bado naamini kitenge kile hakikuwa cha lazima. Ningeulizwa leo ningejibu vilevile.

Lakini kama hakikuwa cha lazima, kwa nini sikukivua kichwani nilipomwona mama akirudi nyuma?