Vijiguu vya Miambani

Homa Bay, Jumapili alasiri

Kaka Odhis,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichoniandikia kutoka pwani, ukinicheka kwamba changu kina miiba kama samaki wa ngege.

Bahari haikukurudisha. Wazamiaji wenzako walikutafuta mpaka wakachoka. Huku nyumbani tulifanya walivyoagiza wazee: tulizika tunda la yago, lile refu la mwegea, mahali pa mwili wako. Baba mdogo alilivika shati lako la bluu, akafunga vifungo vyote. Lilikuwa refu na zito, na lilipoteremshwa kaburini liligeuka ubavu lenyewe. Mama aliniminya mkono.

Tangu siku hiyo ameacha kula. Nimefunga duka langu kule Suna, nimehamia hapa kumwangalia. Katika shajara yangu, chini ya kila tarehe, kuna sentensi ileile: Mama amekunywa chai. Anapika, anapakua, anaitazama sahani. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya omena, ananiambia, "Nyathina, mwanangu, huko chini nani anamla?"

Jibu ninalo. Wewe ndiye ulinipa.

Unakumbuka Desemba ile ulipokuja na mkebe wa biskuti, ndani yake yule mnyama mkavu: kisahani kidogo katikati, mikono mitano myembamba kama mikia ya mijusi? Nikasema ni kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota. "Binamu yake," ukasema. "Huyu ukimshika vibaya anakuachia mkono na kwenda zake." Ukamgeuza nione vijiguu vilivyopangwa chini ya mikono, vimekauka kama vinyweleo. Kiti cha pweza ana vikombe vya kushikia, ulisema, huyu hana. Vijiguu vyake vina vinundu na ute, na vinaonja kila vinachokigusa. Yeye hujificha kwenye ufa wa mwamba na kunyoosha mikono ndani ya mkondo. Chembe zinazopita, za mwani, za vilivyokufa, hunata. Kijiguu kimoja kinaiviringa chembe na kumpokeza mwenzake, naye mwenzake, hadi mdomoni. Ukachukua punje ya mahindi, ukaipandisha mkononi mwangu kwa vidole, polepole. Nilisisimka nikakuzaba kofi.

Wiki iliyopita mama alianza kujikuna. Mchana mweupe, akichambua mboga, alinyoosha mkono akaniambia nitazame. Kuna kitu kinatembea, alisema. Kinaanzia kidoleni, kinafika kwapani, kinasimama. Sikuona kitu. Lakini vinyweleo vyake vilikuwa vikisimama na kulala, kimoja baada ya kingine, kuelekea juu.

Niliushusha mkebe wako kutoka kabatini, nikamweleza yote, Kaka. Hata lile neno, vilivyokufa. Niliogopa kwamba nammaliza. Alimgeuza yule mnyama kwa kidole.

"Anang'ata?"

"Huyu anapokeza tu, Mama. Kijiguu kwa kijiguu."

"Polepole?"

"Polepole."

"Basi kaka yako amebebwa," alisema. "Mimi nilidhani amelala huko bila mkono wa kumgusa."

Sahani yake ya nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ilikuwa pale mezani, imepoa. Sijui nani alinituma. Nilichukua punje moja ya mahindi, nikaiweka kiganjani mwake, nikaipandisha kwa vidole: kiwiko, bega, shingo. Ilipofika kidevuni alifungua mdomo. Alitafuna amefumba macho. Kisha akaninyooshea mkono wa pili.

"Na huu."

Jioni hiyo niliandika: Mama amekula. Kalamu iliniteleza, kwa sababu kidole changu cha mwisho kilikuwa kimelowa ute, na mimi nilikuwa nimeshanawa.

Lala, Kaka, kama huko kuna kulala. Tukimaliza kuvuna nitamleta mama pwani. Tutakuja na konzi ya nyoyo kutoka sufuria yake, tumeisaga laini kabisa, na tutaimwaga pale ulipozamia. Usihangaike kunyoosha mkono. Iache ipite kwao, wale wenye vijiguu. Wao wanajua ulipo.

Dada yako,
Awuor