Blada Kwenye Swichi

Kitui, 4 Machi 2024

Mpendwa Nau,

Nakusalimu, baba yangu. Natumaini kifua kimetulia na dole gumba halikuumi sana. Mimi ni mzima, ingawa wiki hii sijalala vizuri. Masikio yako siulizi. Yangekuwa mazima ningepiga simu.

Unajua kazi yangu hapa chuoni ni ukarani wa stoo: natoa mashine asubuhi, nazipokea jioni. Jumatano iliyopita mwanafunzi mmoja alikuwa amefunga swichi ya grinda kwa blada, kile kipande cha tyubu, ili asichoke kuibana. Stima ikapotea. Akaiweka mezani, akaenda chai. Stima iliporudi, grinda ikaanza yenyewe, ikaruka chini na diski yake ikakata mguu wa kiti kabla mwalimu Mulei hajachomoa plagi. Hakuna aliyeumia. Lakini mimi nilikumbuka grinda yako, na blada niliyoifunga kwa mkono wangu nikiwa kidato cha pili, dole lako lilipoanza kukusumbua. Ulinisifu siku hiyo. Ulisema nimekuwa fundi.

Nau, tafadhali ifungue. Na stima ikipotea, chomoa plagi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Fundi mwingine ataisikia mashine ikianza. Wewe hutaisikia.

Binti yako,
Nthenya

Matiliku, 17 Machi 2024

Mwiitu wakwa, binti yangu Nthenya,

Salamu nyingi. Niko sawa. Shamba tumelima, sasa tunaangalia mawingu tu.

Barua yako Kivuva wa kinyozi aliisoma kabla yangu, akacheka mpaka akakalia gundi. Alisema, "Huyu msichana aliogopa jogoo mpaka darasa la sita. Sasa yuko Kitui anaogopa grinda iliyo Makueni!"

Lakini usifikiri nimekupuuza. Kila Jumamosi naipuliza vumbi. Waya uliochubuka nimeutoa, na kaboni za mota nimeweka mpya. Hata masikio nimeyapatia dawa: nimening'iniza balbu juu ya meza. Ikiwaka, stima iko. Ikizima, haiko. Masikio yameziba, macho bado. Blada iache. Bila hiyo siwezi kumaliza viti vya kanisa.

Unakula? Sauti yako siisikii, lakini naona mwandiko umekonda.

Ni mimi,
Nau

Kitui, 9 Aprili 2024

Mpendwa Nau,

Salamu za Pasaka, hata kama zimechelewa. Je, mvua imefika huko? Hapa imenyesha siku mbili na paa la stoo linavuja.

Habari ya gundi ilinichekesha, halafu nikawaza juu ya balbu siku tatu. Balbu huungua, Nau. Siku itakapoungua itakuambia stima haiko, kumbe iko.

Nimekutumia kifurushi. Kuna miwani. Kuna kinga ya diski, maana najua yako uliitoa zamani ukasema inakuzuia kuona. Na kuna swichi mpya, pana. Mulei anasema unaibana kwa kiganja kizima, dole halifanyi kazi, na ukiiachilia mashine inazima. Kivuva ana bisibisi, ni kazi ya dakika kumi.

Tarehe 18 Mei nitakuja nione kwa macho yangu. Ni Jumamosi na hapa tunafanya kazi Jumamosi, lakini nitaomba ruhusa.

Barua hii nimeiandika mara nne.

Binti yako,
Nthenya

Matiliku, 28 Aprili 2024

Mwiitu wakwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Dole ni lile lile. Kifurushi kimefika bila kufunguliwa.

Miwani navaa. Kivuva sasa ananiita rubani. Kinga nimeirudisha. Swichi iko juu ya rafu, ndani ya karatasi yake. Kivuva alikuja na bisibisi nikamzuia. Nilimwambia, aliyefunga blada ni mtoto wangu, na yeye ndiye ataifungua.

Usikasirike. Tangu tumzike Mwaitu, mama yako, umekuja nyumbani mara moja tu. Nikishaiweka hiyo swichi, utakuja kuangalia nini?

Kuna jogoo hapa anakungoja tarehe 18. Si mkali, na hatakuwa mkali akishaiva.

Nau

Kitui, 15 Mei 2024

Mpendwa Nau,

Natumaini u mzima. Mimi si mgonjwa, lakini sina amani.

Sitaweza kuja Jumamosi. Tunahesabu vifaa vyote vya stoo. Nilitaka kukuandikia kwamba bosi amenikatalia, lakini sitakudanganya. Hakunikatalia. Sikumwomba. Nilifika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili nilibisha kabisa, na aliposema ingia, nikamuuliza kama angependa chai.

Kwa hivyo usinisubiri. Mpe Kivuva ile swichi leo, barua hii ikiwa bado mkononi mwako. Nitakuja Juni, nikutazame ukifanya kazi nayo. Hilo linatosha kunileta. Tafadhali, Nau.

Binti yako,
Nthenya

Kitui, 2 Julai 2024

Mpendwa Nau,

Nakusalimu. Nimemwomba Kivuva akushikie karatasi hii unapoisoma.

Amenieleza yote ya tarehe 29 Mei. Barua yangu ilikuwa mfukoni mwako, imesomwa na kukunjwa vizuri, lakini swichi ilikuwa bado rafuni. Stima ilipotea saa nne asubuhi. Ukaona balbu imezima, ukaipakata grinda ubadilishe diski. Kisha stima ikarudi. Kivuva anasema soko zima lilipiga kelele, "Imerudi!" Redio yake ikaanza, kinu cha kusaga kikaanza. Wewe tu ndiye hukusikia.

Na balbu haikuwa imeungua, Nau. Iliwaka. Iliwaka wakati ule ule diski ilipoanza kuzunguka, na mkono wako ulikuwa juu yake. Mimi niliogopa sana, lakini hata kuogopa niliogopa kitu kisicho chenyewe.

Hospitalini nilikuandikia kwenye daftari. Ulisoma, kisha ukanyoosha mkono kuchukua kalamu. Ulikuwa ule mkono uliokatwa. Ukanirudishia daftari, ukageukia ukuta. Tangu siku hiyo sijapata neno lako hata moja.

Kabla ya kurudi Kitui nilipitia karakana. Nilisimama mbele ya grinda nikashindwa kuigusa. Blada yangu niliiacha pale pale.

Bosi alinipa siku tatu. Hata hakuuliza maswali. Ilikuwa rahisi hivyo, Nau, na mimi sikujua.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uchore mstari tu, nijue umesoma.

Nthenya

Matiliku, 8 Septemba 2024

Nthenya

Huu ni mkono wa kushoto. Unajifunza.

Blada nimeifungua. Kwanza nilichomoa plagi. Kisha meno na vidole vilivyobaki. Asubuhi mpaka saa saba.

Ulifunga vizuri.

Swichi iko rafuni. Ni kazi yako. Jogoo yupo.

Omba ruhusa.

Nau