Samaki Juu ya Kaburi Lako

Dada Aika,

Nimeolewa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ungenigombeza ningeanza na lingine. Elibariki bado ananitazama nikimimina chai kana kwamba nafanya jambo la ajabu, na mimi mjinga wako namwaga nusu mezani. Nina furaha mpaka naona aibu, dada. Halafu katikati ya furaha hiyo nageuka nikuonyeshe kitu, na hupo.

Gauni ulilojichagulia la kunisimamia alilivaa binamu yetu Neema. Lilimpwaya mabegani. Sikuweza kumwangalia.

Lakini sikuandikii habari za harusi. Nakuandikia kuhusu kaburi lako.

Siku ya mazishi, Baba Mdogo alisoma wasifu wako. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye kazi, akasema ulikuwa mtaalamu wa samaki. Sisi watu wa mlimani, mtu akitaja bahari tunaona samaki. Nilitaka kusimama nimsahihishe, akawa ameshafungua ukurasa mwingine. Wiki chache baada ya harusi kaburi likajengewa, na fundi akaambiwa achore samaki kwenye saruji, upande wa kichwani. Akamchora mkubwa, mwenye magamba, anacheka.

Nikasema samaki huyo si wako. Baba Mdogo akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza: "Ndeshi mwanangu, wewe sasa ni mke wa watu. Ya huku tuachie." Baadaye jikoni Mama akaniambia afadhali samaki kuliko saruji tupu. Hukuacha mtoto, na unajua huku kwetu watu wanavyotazama kaburi la namna hiyo. Alitaka waone kwamba mwanawe alifanya kitu.

Mimi nilijua ulifanya nini kwa sababu niliwahi kukuuliza. Tulikuwa tunaosha kahawa kwenye pipa, mbovu zinaelea, nzuri zinakwenda chini. Ukasema, "Unaziona hizi zinazozama?" Ukanieleza kwamba baharini kuna vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa dayatomu, na kila kimoja kinajijengea nyumba ya kioo. Huko juu penye mwanga vinavuta kaboni, ile ile ya moshi wa magari na wa mapori yanayoungua, vinaigeuza kuwa miili yao. Vikifa, kioo kinavipa uzito, vinazama na kaboni yao. Nikasema basi dunia imepona. Ukacheka, ukanirushia maji.

"Vingi huliwa au kuyeyuka njiani, mdogo wangu. Vichache tu ndivyo vinafika. Lakini kinachofika chini kabisa kinakaa huko miaka mamia, hata maelfu."

Hivyo vichache ndivyo ulivyokuwa unavifuata, huko pwani, na chupa zako za maji ya bahari. Na sisi tukakuchorea samaki.

Nilimwambia Elibariki yote nikilia kifuani kwake. Yeye anatunza maabara ya shule moja ya sekondari kule Kijenge, mjini. Jumamosi akaomba ruhusa ya kuazima hadubini, akaifunga kwenye kitenge changu cha sherehe ya send-off, tukapanda nyumbani kwa Mama. Ungempenda, dada. Ungempenda sana.

Akamwamkia Mama, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mfereji na kukwangua ule utelezi wa kahawia kwenye mawe, ambao Mama huusugua kila mara usije ukamwangusha. Mama akaniuliza kwa Kimeru kama huyu mume wangu ni mzima.

Tukaiweka hadubini uani kwenye mwanga. Mama akainama, jicho moja amelifunika kwa kiganja. Alikaa muda mrefu. Nilidhani haoni kitu, kumbe machozi yake yamelowanisha kioo. Elibariki akakipangusa, Mama akainama tena. Nikamwambia hizo punje ndogo zinazong'aa, zenye mistari kama meno ya kitana, ni ndugu wa zile za Aika. Hizi ni za mferejini tu. Zile za baharini ndizo zinazoshuka na kaboni.

Mama akasema, "Na mimi nilikuwa nazisugua."

Halafu akamwita Baba Mdogo. Hakubishana naye. Alimwambia, "Shemeji, huyu nilimzaa mimi. Mwite fundi."

Mchana ule ule samaki akatinduliwa. Saruji mpya ikiwa bado mbichi, Mama akapiga magoti akachora kwa ukucha wake: punje moja ndefu, na mistari yake midogo midogo. Imekaa upande, dada. Si nzuri. Baba Mdogo akauliza kama ni jani la kahawa, na Mama akamwambia ainame atazame hadubini kabla hatujaondoka nayo. Akainama. Alipoinuka alikuwa amevua kofia.

Sasa wanaopita wakitoka kanisani wanasimama na kuuliza ile ni nini. Mama anaanza kuwaeleza. Kioo anakielezea vizuri, na kuzama pia, lakini akifika kwenye vile vichache vinavyofika chini, sauti inamkatika. Hapo ananipigia simu huku kwangu Sekei nimalizie, na wale watu wanasimama pale kaburini kwako, simu imewekwa sauti kubwa, wananisikiliza.

Wakati mwingine na mimi nalia, Elibariki ananishika mkono mpaka nimalize.

Lala, dada yangu. Nakuahidi, Mama akipiga nitapokea.

Mdogo wako,
Ndeshi